Barua ya wazi kwa maaskofu wa visiwa vya Bahari ya Hindi: tunaomba daftari moja la waliopotea baharini

Wahashamu Mababa Maaskofu wa Port-Louis, Saint-Denis, Port Victoria, Rodrigues na Visiwa vya Komoro,

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni muumini wa kawaida wa Jimbo la Mtwara, na kazi yangu ni kuuza vitunguu. Si mjumbe wa halmashauri ya walei, wala sikutumwa na paroko. Vitunguu navichukua Ruaha Mbuyuni, navishusha Mtwara, na bei ikiwa nzuri ng'ambo navipakia kwenye meli ndogo ya mizigo kwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro. Kwa njia hiyo nimejikuta nasali Jumapili mbili tatu kila mwaka katika kanisa la Moroni, na ndiyo maana nathubutu kuwaandikia ninyi kabla ya maaskofu wangu wa nyumbani. Wao nitawapelekea nakala.

Niwaanzie kwenye dirisha la ofisi ya parokia yetu. Ilikuwa Novemba, mwezi wa marehemu, na mnajua foleni ya nia za Misa inavyokuwa mwezi huo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa jumuiya yetu, ameshika noti ya elfu tano aliyoikunja mara nne. Akataja jina la mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea yeye. Katibu akauliza bila kuinua kichwa, kama anavyowauliza wote: "Nia ya marehemu, au ya kumwombea?"

Mama akanyamaza. Huku nyuma watu wakaanza kukohoa. Katibu akarudia swali, mara hii kwa upole, maana alishamtambua. Mama akasema, "Wewe andika jina tu." Katibu akamgeuzia daftari aone mwenyewe: safu ya marehemu, safu ya wagonjwa, safu ya shukrani, safu ya nia nyingine. Jina tupu halina pa kukaa. Mwisho akaliandika pembeni, nje ya mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo. Zimepita Novemba tatu sasa, na kila mwaka linaandikwa pale pale pembeni.

Kijana mwenyewe alizaliwa Uvira, Kongo, akaletwa Mtwara akiwa mdogo wakati wa vita vya kwao, akapata Kipaimara hapa, akawa kuli bandarini. Akaenda Moroni. Toka Moroni akavuka hadi Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro. Simu yake ya mwisho aliipiga usiku, upepo unasikika kuliko sauti: "Mama mdogo, nikifika nitakupigia." Alikuwa anaelekea Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa, ambacho wenyewe wanakiita Maore.

Mashua zinazovusha watu hapo zinaitwa kwassa-kwassa. Sisi tuliokua na muziki wa Zaire jina hilo linatuchekesha kwanza ndipo linatuumiza, kwa sababu kwasakwasa ni ule mtindo wa kukata kiuno, na mashua zimeitwa hivyo kwa jinsi zinavyoyumba. Ni boti za kuvulia samaki. Bahari kati ya Nzwani na Mayotte ni kama kilomita 70, na kabla ya mwaka 1995 mtu wa Nzwani aliweza kwenda kumwona shangazi yake Maore bila viza. Mwaka huo Ufaransa ikaiweka, ile inayoitwa viza ya Balladur, na ndugu walioishi kwa kutembeleana wakawa wanavuka kwa kujificha. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wameshakufa katika maji hayo tangu viza ianze. Naomba muangalie nafasi iliyopo kati ya tarakimu hizo mbili. Ni watu 3,000 ambao labda walikufa, labda hawakufa, na hakuna anayeweza kusema ni akina nani.

Siku hizi si Wakomoro peke yao. Mwanzoni mwa 2024, serikali ilipoanza kuibomoa kambi iliyokuwa kwenye uwanja wa Cavani mjini Mamoudzou, waliokuwa wanaishi humo chini ya maturubai walitoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia. Wengi wa hao, ukiwaondoa Wasomali, ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakuitikia. Wamepita kwetu. Wamelala kwenye nyumba za wageni za Dar es Salaam na Mtwara, wamepanda meli zilezile zinazobeba vitunguu vyangu.

Simlaumu mtu wa Mayotte, na niliseme hili mapema. Mwaka 2023 walikaa na maji ya bomba siku moja kwa tatu. Mtu anayeamka saa nane za usiku kukinga ndoo huwezi kumhubiria ukarimu ukiwa umekaa mbali. Ila aliyezama hamnyang'anyi mtu ndoo, na habari yangu ni ya waliozama.

Mpaka huo wa baharini, Wahashamu, unapita katikati ya kanisa moja. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mojawapo ni ya Mayotte, kisiwa ambacho tangu 2011 ni mkoa wa Ufaransa. Nyota hiyo imegombaniwa kwa miaka 50. Lakini Kanisa, lilipoiondoa Komoro chini ya Jimbo la Ambanja kule Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1975, mwaka uleule wa uhuru, lilivichukua visiwa vyote vinne pamoja, na lilipoipandisha kuwa Vikarieti ya Kitume, eneo ambalo bado si jimbo kamili, mwaka 2010 halikuvitenganisha. Mhashamu Charles Mahuza Yava, Msalvatoriani kutoka Kongo, aliyeteuliwa 2017, amepewa watu wa pande zote mbili. Balozi ana upande, gavana ana upande, mwenye boti naye ana upande wake, ule wa fedha.

Nikiwa Moroni nakaa benchi la nyuma. Nawaona Wamalagasi wamevaa vizuri kuliko sisi sote, Wakongo, Warundi, Wafaransa wachache. Mkomoro wa kuzaliwa humtarajii humo, na mnajua kwa nini: Komoro ni nchi ya Kiislamu, sheria inakataza kuwahubiria Waislamu dini nyingine, na makanisa ya Kikatoliki ni mawili, la Moroni na la Mutsamudu. Hakuna anayetubughudhi. Nikitoka Misa napita soko la Volo Volo kudai fedha zangu, na mteja akinilipa namwambia asante, naye ananiambia marahaba. Safari ya kwanza nilibaki nimeduwaa, nikidhani ameitikia shikamoo ambayo sikumpa. Kumbe kwao marahaba ndiyo asante. Lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili.

Nimejifunza kidogo juu ya baraza lenu, hili la Maaskofu wa Bahari ya Hindi, CEDOI kwa kifupi chake cha Kifaransa. Kwa idadi mko wachache kuliko kamati ya harusi huku kwetu. Lakini mmekusanya Morisi, Shelisheli, Komoro na vipande viwili vya Ufaransa, Réunion na Mayotte, na hali zenu hazifanani hata kidogo. Shelisheli watu wengi ni Wakatoliki, Morisi kundi kubwa zaidi ni Wahindu, Komoro karibu wote ni Waislamu. Mnaazimana hata wachungaji: Mhashamu Alain Harel alikuwa Rodrigues, mwaka 2020 akapelekwa Port Victoria. Na dhoruba zimewafundisha kutazamana. Januari 2024 Belal iliipiga Réunion, na siku hiyohiyo maji yakabeba magari katika mitaa ya Port-Louis. Desemba 14, 2024 Chido ikaifagia Mayotte, misaada ikapitia Réunion. Februari 28, 2025 ikawa zamu ya Réunion yenyewe, kwa Garance.

Nabaki kidogo kwenye Chido. Idadi rasmi ya waliokufa Mayotte ilisimama karibu watu 40. Wengi walikataa kuiamini. Vilima vizima vya nyumba za mabati vilikuwa vimelala chini, na wakuu wenyewe walikiri kwamba kuhesabu ni vigumu, kwa sababu Waislamu huzika mapema, na kwa sababu watu wasio na karatasi walikuwa wameogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Yaani mtu aliishi bila kuandikwa, akafa bila kuandikwa. Kama yule kijana wetu alifika Mayotte salama asipige simu, kwa sababu azijuazo mwenyewe, basi huenda Chido ilimkuta huko. Mama yake mdogo ameshawaza hilo pia. Hakuna kitu hajawaza.

Sasa nieleze kwa nini naona nina haki ya kuwaomba. Mwaka 2018 nilikwenda Bagamoyo na basi la parokia kuadhimisha miaka 150 ya Uinjilishaji Tanzania. Tulihesabu kuanzia 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza Bagamoyo. Mimi naona hesabu hiyo iliruka miaka minane. Mapadre walikuwa wameshafika Zanzibar Desemba 1860, wakiongozwa na Padre Armand Fava, na walitoka Réunion. Walikuja na masista wa Mabinti wa Maria, shirika lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na likawapokea wanawake waliokuwa watumwa wavae shela sawa na wengine. Aliyewatuma ni askofu wa Saint-Denis. Kiti hicho hicho, Mhashamu Pascal Chane-Teng, ndicho ulichokalia wewe leo. Kwa hiyo kusema kwamba pwani yetu haiwahusu kwa sababu si kisiwa, hilo askofu mwenzako wa 1860 asingelielewa.

Na kabla ya mapadre kuja huku, watu wetu walishapelekwa huko. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa ni jirani yetu, basi la asubuhi linafika mchana. Wengine walitoka mbali zaidi bara na kupitishwa Kilwa. Ndio mababu wa sehemu ya waumini wenu, wale ambao Mwenyeheri Jacques-Désiré Laval aliwakuta Morisi mwaka 1841, wameachiwa huru miaka michache tu nyuma na hakuna anayewajali. Leo wajukuu wao wanafukua madaftari ya watumwa na vitabu vya ubatizo kutafuta bibi alitoka wapi, aliitwa nani kabla ya kupewa jina la mtakatifu. Mwenye shamba aliandika kwa sababu ilikuwa mali yake, padre aliandika kwa sababu alibatiza. Nia zilitofautiana, ila wote wawili waliandika. Hawa wanaozama leo hakuna hata wa kuwaandika kwa ubaya.

Ombi langu, basi, ni daftari. Sijaomba tamko. Matamko mazuri yapo mengi, na sisi wafanyabiashara tukipewa karatasi huwa tunauliza imegongwa muhuri wapi na inatumika wapi. Naomba daftari moja la waliopotea baharini kati ya pwani yetu, Komoro na Mayotte, likae kwa Caritas, shirika la misaada la Kanisa, katika vikarieti ya Komoro, na nakala yake katika sekretarieti ya baraza lenu, ili askofu akihamishwa au padre akirudi kwao lisipotelee kwenye kabati. Upande mmoja waandikwe wanaotafutwa: jina, alikozaliwa, aliondokea wapi, siku ya mwisho aliyosikika, nani anamuulizia. Upande wa pili waandikwe walioopolewa bila jina: tarehe, ufuo gani, nguo, kovu, rozari shingoni au hirizi mkononi, amezikwa makaburi yapi. Kuna siku mstari wa upande huu utafanana na mstari wa upande ule.

Msalaba Mwekundu nao hutafutia watu ndugu zao, na sijasema mshindane nao. Lakini mama yetu hajui mlango wa Msalaba Mwekundu. Anajua dirisha la parokia. Habari ikitoka Uvira, Bujumbura au Mtwara itafika kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya, kisha kwa katekista, kisha dirishani. Pale ndipo inapokwama, kwa sababu katibu hana pa kuipeleka.

Kukwama kwenyewe kuna sababu ya kiofisi ambayo ilinichukua muda kuielewa. Sisi Tanzania tuna TEC, baraza letu la maaskofu, na TEC imo ndani ya AMECEA, umoja wa mabaraza ya Afrika Mashariki wenye makao Nairobi. Kongo, Rwanda na Burundi wako kwenye umoja mwingine, ACEAC. Ninyi mko peke yenu. Kijana mmoja aliyezaliwa Uvira, akapata Kipaimara Mtwara, akapotea mbele ya Mayotte, amegusa mikusanyiko mitatu ya maaskofu, na kila mmoja ukimuuliza utakujibu, kwa haki kabisa, kwamba jambo hilo limeanzia au limeishia kwa mwenzake. Watu hawa wote wanaishia kwenye maji yenu. Ndiyo maana nawaomba ninyi mwandike barua ya kwanza kwenda Dar es Salaam, Kinshasa na Bujumbura, kila baraza litoe mtu mmoja wa kupokea majina. Mtu mmoja mwenye simu na subira. Na fomu iwe kwa Kiswahili pia. Kiswahili cha Uvira na cha Mtwara havilingani, lakini hatujawahi kushindwa kuelewana kwenye jambo la msiba.

Kuna mambo mawili yatakayowatia wasiwasi, na mna haki. La kwanza ni polisi. Daftari la majina ya wahamiaji laweza kuwa mtego kuliko msaada. Kwa hiyo liwe la waliopotea tu, si la waliofika, na yeyote atakayepatikana hai aulizwe kwanza kama anataka kwao wajue. Wapo ambao hawataki. Aliyekopa nauli ya mashua kwa mjomba ana sababu zake za kukaa kimya.

La pili ni dini. Sehemu kubwa ya waliozama ni Waislamu wa Nzwani, na Kanisa likianza kuorodhesha maiti za Waislamu kuna watu watauliza linatafuta nini. Watauliza kwa haki. Naomba jalada lisiwe na msalaba, na makadhi na maimamu wa pande zote mbili washirikishwe tangu ukurasa wa kwanza, wao ndio wanaojua nani alizikwa wapi baada ya sala ya alasiri. Morisi mnalijua hili kuliko sisi. Usiku wa kuamkia Septemba 9 wanaotembea kwa miguu kwenda kaburi la Padre Laval pale Sainte-Croix si Wakatoliki peke yao. Wapo Wahindu, wapo Waislamu, na hakuna anayesimama mlangoni kuuliza cheti cha ubatizo.

Gharama sijui nizipime vipi, ila mimi mwenyewe kwenye biashara yangu naandika gunia kwa gunia, lililooza na lililouzwa, kwa daftari la shilingi elfu mbili na kalamu ya kamba. Kazi ni mtu wa kuliandika kila siku, hata siku ambayo hana hamu.

Nilipomwambia yule mama kwamba nawaandikia, aliniuliza kama maaskofu wa huko wanajua Kiswahili. Nikamwambia mmoja wao ni Mkongo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia nihakikishe nimeandika majina yote matatu, la ubatizo, la kwao na la baba, maana Wafaransa watalikosea. Humu sikuyaweka, kwa kuwa barua hii ni ya wazi na itasomwa na watu wa kila aina. Nimeyaandika kwenye karatasi ya mistari, na tarehe ya ile simu, na kovu la panga juu ya goti la kushoto. Safari yangu ijayo ni vitunguu vya msimu huu vikishakauka. Karatasi hiyo nitamwachia mzee anayepokea watu mlangoni, kanisa la Moroni, baada ya Misa ya kwanza nitakayoikuta.

Wenu katika Kristu,

Muuza vitunguu, Mtwara